Sufuria ya Mtu Mmoja

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Kaka Mahir amepiga simu kutoka Uholanzi, na leo hakuanza na habari za baridi. Alianza na Dada Mishi. Daktari wa zahanati amemwambia Dada kifua chake hakitaki tena moshi, uwe wa kuni au wa makaa. Dada hakuniambia mimi. Alimwambia Mahir aliye ng'ambo, na mimi niliye mwendo wa dakika ishirini kwa miguu nikaja kuambiwa na Mahir. Nikajibu, "Ndiyo, najua." Sikujua lolote.

Mahir anataka kumpa Dada presha kuka ya umeme, ile unayotia nyama na maji, ukaifunga, ukabonyeza, ukaenda zako kuswali. Rafiki yake Fahmi anauza vyombo Dubai na ana mzigo unaokuja Kismayo kwa meli. Amebakiwa na mbili tu, moja ya lita nane na moja ya lita tatu. Mahir amezichukua zote mbili, moja ya Dada na moja yangu, maana ati mimi ndiye ninayemtazama Dada siku zote. "Wewe uko karibu naye, wewe wajua anavyopika," akaniambia. "Chagua ipi yake na ipi yako, kisha unijulishe."

Kuchagua ndiyo kazi yangu. Nauza madira na mitandio hapa hapa sebuleni, na wanawake wa mji huu huniachia mimi niwachagulie rangi. Sijawahi kurudishiwa nguo.

Daftari hili lilikuwa la hisabati la binti yangu Ibtisam. Kaandika kurasa nne akachoka. Mvua imeanza na wateja hawaji, basi naandika mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Kumbe mambo ni mengi kwa chombo kimoja. Mpira wa mfuniko uwe laini. Sufuria ya ndani iwe ya chuma kisichobabuka. Wati zisizidi nguvu ya umeme wa nyumba. Na kila mahali wanasema neno moja, kwamba anayeishi peke yake lita tatu zamtosha, kubwa ni kupoteza umeme bure. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Niliipenda sana.

Sisi humu ndani ni saba. Dada ni mmoja. Mume hana tangu aachwe, mtoto hakujaaliwa. Hata mtoto wa chuo cha Kurani angeijua hesabu hii.

Nimemweleza mume wangu Athman aliporudi bandarini. Akasikiliza yote huku akivua viatu vyenye matope, kisha akauliza, "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nitamuuliza."

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Sikwenda kwa Dada kwa sababu ya matope.

Ijumaa, 11 Aprili

Mahir kaandika kuuliza nimeamua nini, Fahmi anataka kufunga mzigo. Nikamjibu: "Nimemuuliza Dada. Amesema ndogo yamtosha, kubwa nichukue mimi mwenye watoto."

Nimeandika hivyo. Nikabonyeza, nikarudi kukunja mitandio.

Nikajiambia kwamba si uongo, ni kumtangulia tu kwa jibu ambalo angelitoa. Dada hajawahi kudai kikubwa maishani mwake. Ukimpa kipapatio cha kuku atakwambia ndicho akipendacho. Basi kumuuliza ni kupoteza pumzi, si ndiyo?

Lakini daftari halina wa kulisoma, kwa hiyo na mengine niyaseme. Niliitaka ile kubwa kabla ya kujua kuna ndogo. Niliitaka ikae juu ya kabati la sebuleni ing'ae, wateja waione. Na furaha yangu niliposikia Dada ataachana na kuni haikuwa ya kifua chake. Dada akija kwangu huja na harufu ya moshi, imemwingia kwenye buibui na kwenye nywele, na wateja wangu hutazamana. Mwaka jana mmoja aliniuliza kwa Kisomali, abaayo, yaani dada, yule mama wa visiwani aliyekuwa hapa ni nani wako? Nikamwambia ni mtu tunayefahamiana naye.

Jumapili, 20 Aprili

Meli bado. Paa la jikoni linavuja.

Jumanne, 29 Aprili

Zimefika. Kubwa nimeiweka juu ya kabati. Ndogo nimempelekea Dada kwa bajaji, nimeikumbatia na boksi lake mapajani.

Dada yuko uani, kainamia mafiga, anapuliza. Juu ya moto kuna sufuria ile ya shughuli, ya kupikia harusi. Kwenye mkeka barazani wamekaa wanawake wawili nisiowajua na mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni. Nikawaamkia. Nikamuuliza Dada kwa sauti ya chini ni kina nani.

"Wageni," akasema. "Wa kwetu, kisiwani Chula."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na mteja saa tano. Nikaichomeka presha kuka chumbani mwake, maana ndiko kuliko soketi, nikamwonyesha pa kubonyeza na pa kutolea mvuke. Akaifungua, akatia mkono ndani mpaka kwenye kifundo, ukagota chini mara moja.

"Mashallah, nzuri. Yapika ya wachu wangapi?" Dada bado asema wachu kwa watu, kama visiwani.

"Wawili. Watatu wakila kidogo."

Akautazama mkono wake ulivyo ndani ya sufuria. "Haya. Mungu amzidishie Mahir, awazidishie nyote." Kisha akakohoa, akaniomba radhi kwa kukohoa, akarudi nje kwenye moto wake.

Sikumwambia kuna kubwa. Hakuniuliza. Njiani nilijisifu kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Ijumaa, 2 Mei

Nyama ya ngamia dakika arubaini, ikaiva mpaka mfupa ukachomoka wenyewe. Ambulo, kunde ile inayokaa motoni tangu alfajiri mpaka adhuhuri, imeiva kabla sijamaliza kufua. Athman kala sahani mbili. Wateja watatu wameiulizia ile iliyo kabatini, na mmoja akanunua mitandio miwili kwa furaha tu ya kuonja supu. Nimesema, ni kaka yangu kaniletea.

Jumatano, 14 Mei

Kusi limeingia na mvua juu yake. Umeme umekatika mara nne.

Jumapili, 18 Mei

Ya leo lazima niyaandike.

Dada alikuja kututembelea baada ya alasiri. Bahati yangu hakukuwa na mteja. Harufu ni ile ile ya moshi, tena leo kali zaidi, ya kuni mbichi. Nikafikiri labda ni nguo za zamani. Nikaenda kuchemsha chai. Nikiwa jikoni simu yangu ikalia sebuleni, Ibtisam akapokea, nikasikia sauti ya Mahir na ya Dada, wanacheka, wanaulizana afya. Nikatoka na sinia la chai nikiwa natabasamu.

Nikafika mlangoni pale pale Mahir anaposema, "Lakini Dada, nawe ni mchu wa ajabu. Fadhila alipokuuliza ungesema wataka kubwa. Mimi nilidhani utachukua ya lita nane. Aliponiandikia kuwa umesema ndogo yakutosha, nikasema huyu ni Dada kweli, hata nikimletea ng'ambo nzima ataigawa."

Nilisimama na sinia.

Dada alikuwa amekaa kitini, na nyuma yake, juu ya kabati, lita nane zinang'aa. Aligeuka akaitazama ile sufuria. Hakuitazama kwa muda mrefu. Akarudisha macho kwenye simu. Mimi hakunitazama hata kidogo.

"Yanitosha," akasema. "Mimi mchu mmoja, Mahir. Kubwa ningeifanyani?"

"Basi alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Fadhila kachagua vizuri."

Nikaweka sinia mezani. Nikamimina chai, nyingine ikamwagika kwenye kisahani. Akainywa yote. Akamuuliza Ibtisam habari za mitihani. Akasema mvua ya mwaka huu ni kubwa, paa lake limeshika, lakini uani maji yanaingia mpaka kwenye mafiga. Niliposikia mafiga nikapata ujasiri wa kuuliza jambo dogo kuliko lile nililopaswa kuuliza.

"Dada, bado wapika kwa kuni?"

"Kidogo."

"Daktari si alikukataza?"

"Kidogo tu, nduyangu." Akainuka, akanifunga vizuri mtandio wangu uliokuwa umelegea, kama alivyokuwa akinifunga tukiwa kambi ya wakimbizi Mombasa. Nilitoka Chula nikiwa na miaka mitatu, mgongoni kwake. Mama alipotufia kambini ni Dada aliyenilea, akanisomesha, akaniozesha, akanirudisha Kismayo kwa heshima. Haya yote nayajua. Sikuyasahau siku ile ninaandika ujumbe. Niliyajua na nikauandika.

Alikohoa njia nzima mpaka kona, nikimsikia kutoka dirishani. Ningeweza kumfuata. Nilikuwa na viatu miguuni.

Jumatatu, 19 Mei

Nilitaka kwenda. Kaja mteja wa harusi.

Alhamisi, 22 Mei

Leo nimekwenda, tena si kwa dakika kumi za Ijumaa mlangoni na kilo ya sukari kama nifanyavyo siku zote. Nilikwenda wakati wa kupika.

Nimehesabu watu kumi na mmoja. Chumbani kuna binti wa kisiwa cha Ngumi aliyejifungua kwa kisu, na mama yake. Barazani kuna yule mzee wa mguu, mkewe, bibi mmoja wa Kudhaa mwenye mtoto wa jicho, na wengine. Wanaotoka visiwani kuja hospitali hawana pa kushukia mjini, hoteli haziwataki na wao hawaziwezi. Basi hushukia kwa Dada Mishi. Kila boti ya Chula, kila ya Ngumi, wanalijua jina lake tu na kona ya msikiti. Na kusi likishapanda hakuna wa kurudi, mgonjwa akapona akakaa wiki tatu akisubiri bahari itulie. Wanakula. Mgeni wa kwetu haulizwi kaleta nini. Umepika, anakula nawe.

Hili limeanza lini? Nimemuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu, jina lake Barke, mkewe yule mzee wa mguu, aliyemfuata mumewe baadaye. Akasema yeye mwenyewe ni mara ya nne kushukia hapa, ya kwanza ilikuwa miaka sita nyuma.

Miaka sita. Nami najiita ninayemtazama Dada.

Nilihesabu wenye nyumba, sikuhesabu wanaokula. Sisi Wabajuni tukimwona mtu kanunua samaki watatu sokoni twajua ana wageni wangapi, halafu mimi nikamchagulia dada yangu sufuria kwa hesabu ya vitanda.

Presha kuka ndogo iko chumbani, inafanya kazi mchana kutwa. Asubuhi uji wa mzazi, kisha supu ya mzee, kisha maharagwe laini ya bibi asiye na meno. Wali wa wote na mchuzi wa wote uko nje, kwenye mafiga, chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani. Kuni zimelowa. Moshi haupandi, unatambaa chini unaingia machoni na kifuani. Dada kafunga kitambaa puani, kakaa katikati yake, anakoroga. Aliponiona akafurahi. Akaninyooshea kigoda. Nikasema nina haraka.

Nitampelekea kubwa. Nimeamua. Lakini Idi ya kuchinja imebaki wiki mbili, na ndugu za Athman wanakuja kwangu, kumi na wanne, nimeshawaambia watakula pilau ya presha. Nikiitoa sasa nitawapikia nini? Baada ya Idi.

Jumanne, 27 Mei

Mvua. Baada ya Idi, inshallah.

Jumamosi, 31 Mei

Athman kaniuliza mbona sili. Nikamwambia joto. Anajua, nadhani. Alilitazama kabati, akanitazama mimi, akaenda kuswali.

Baada ya Idi.

Ijumaa, 6 Juni

Idi njema. Pilau imesifiwa na kila mtu. Shemeji mkubwa kasema hajala nyama laini namna hii Kismayo. Dada hakuja. Nilimtuma Ibtisam na bakuli, akarudi kasema Mama Mkubwa ana watu wengi sana, kasema ahsante, kakataa kuja, na sauti yake inatoka kwa tabu.

Nikasema kesho nitakwenda. Kisha nikapakua tena.

Jumapili, 8 Juni

Naandika hospitalini, mgongo wa daftari uko juu ya goti.

Jana saa nne asubuhi alinipigia Barke kwa simu ya Dada. Alinitafuta kwa jina lililoandikwa "Fadhila mwanangu". Hakujua ni nani, aliona tu limewekwa la kwanza. Akaniita kwa Kibajuni nije, "Ndoo, mwenye simu hii hapumui."

Siku ya Idi Dada aliwapikia watu kumi na tisa. Boti mbili zaidi zilikuwa zimekimbilia mjini kwa upepo. Alichinjiwa mbuzi na jirani, akampika mbuzi mzima kwenye mafiga, mvua inanyesha juu ya bati, kuni zinatoa machozi badala ya moto. Wakamwambia waache, wapike wao. Akakataa, siku ya Idi mgeni hapikishwi. Aliwapakulia wote. Kisha akakaa chini akashika ukuta, na tangu hapo kifua kikawa kinapiga filimbi mpaka asubuhi.

Nilimkuta midomo imekuwa ya buluu. Tulimbeba mimi na Barke mpaka kwenye bajaji. Alikuwa mwepesi, na hilo lilinitisha kuliko midomo. Mimi ndiye niliyekuwa nikibebwa.

Wamemwekea oksijeni na dripu. Daktari, kijana mpole, akaniuliza kwa Kisomali kama mgonjwa hakuambiwa asikae karibu na moshi. Nikasema aliambiwa. Akauliza, basi nyumbani hakuna anayeweza kumpatia njia nyingine ya kupika? Aliuliza tu, hakuwa akinisema. Nikamjibu ipo, ilikuwa inachelewa kufika.

Hata kwa daktari nimedanganya.

Leo adhuhuri kaweza kutoa kile kifuniko cha pua. Niliinama nisikie. Nilidhani ataniambia jambo, na nilikuwa tayari kuambiwa.

"Wachu wamekula?"

Nikasema wamekula. Sikujua kama wamekula. Basi nikatoka mbio, nikaenda nyumbani, nikaishusha kubwa kutoka kabatini. Athman alikuwa mlangoni. Aliitia kwenye gunia isilowe, akanisimamishia bajaji.

Uani kwa Dada moto umezimwa na maji. Barke alikuwa anatafuta pa kuwashia. Nikamwambia acha, leo tutapikia ndani. Nikachomeka kubwa, nikatia mchele, nazi na chumvi. Nikachomeka na ndogo pamoja nayo, umeme wa nyumba nzima ukaruka. Jirani akaja kuuwasha tena akicheka. Kumbe ziwashwe moja moja. Dakika ishirini wali wa kwanza uko tayari. Nikapika mara mbili, wote wakala, na moshi hakuna.

Barke alikuwa akiniangalia nikipakua. "Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

Kulikuwa na watu wamekaa, wanakula. Ningejibu nini, kwamba mimi ndiye yule wa miaka sita nisiyeonekana?

"Jirani," nikasema.

"Mungu akulipe, jirani. Maana ana nduye mjini, mchu wa kazi nyingi, hapati nafasi. Amtaja sana, jina tu sijalisikia. Ndiye aliyemchagulia hii ndogo." Akaipiga ubavuni kwa vidole, taratibu. "Mimi nilimuuliza, mbona ndogo, na wachu wote hawa? Akanambia nduyangu kafikiri mbali, kataka wagonjwa wapate supu yao peke yao, isichanganywe na chungu cha wenye afya. Nikasema kweli, huyo ana akili."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye mvua. Sikulia. Nilikuwa na haya tupu, haya ya mwili mzima, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepika uani kwa Dada. Nimefunga biashara wiki hii.

Jumatano, 11 Juni

Dada karudi nyumbani. Alipoingia akaiona kubwa juu ya meza, inafuka, na mafiga yamesombwa kupelekwa nyuma. Akaigusa mfuniko. Kisha akawaambia waliokuwa barazani, "Huyu ndiye nduyangu Fadhila niliyekuwa nikiwaambieni."

Barke akanitazama kwa muda. Tangu hapo, akitaka chumvi kwangu, akitaka kisu, ananiita "jirani." Kaniita hivyo siku nzima, kwa adabu kabisa. Nami naitika.

Dada sijamwambia. Naona kila mara nikitaka kuanza yeye anaanza jambo jingine. Anataka kunipitisha. Ameniwekea njia, nipite tu, na hakuna atakayejua. Mahir kamwandikia kuwa kesho kutwa atapiga simu amwone.

Ijumaa, 13 Juni

Mahir kapiga baada ya sala ya Ijumaa. Dada alikuwa kwenye mkeka na sinia la mchele mapajani, Barke kando yake, mimi naosha sufuria. Simu imeegemezwa kwenye birika, sauti imefunguliwa, wote wanasikia.

Mahir alikuwa na hasira ya woga. Kauliza kuni zilitoka wapi, presha kuka ina kazi gani, na kama ile ndogo imeharibika Fahmi ataleta nyingine. Dada akasema haikuharibika, ni yeye tu na tamaa yake ya pilau ya moto. Alikuwa anatunga tena. Alikuwa ananifunika tena mbele ya watu wote hawa, na kifua chake bado kinapiga filimbi mwisho wa kila neno.

Nikaenda nikakaa mbele ya simu, mikono inachuruzika maji.

"Kaka, ile ndogo sikumuuliza. Nilikwambia nimemuuliza, sikumuuliza. Niliitaka kubwa mimi. Ilikuwa kwangu juu ya kabati tangu Aprili, nikajua ana watu kumi na mmoja hapa anawapikia kwa kuni, nikasema baada ya Idi."

Nilisema yote bila kupumua. Barke aliangalia miguu yake.

Mahir maneno yake aliyaelekeza kwa Dada.

"Dada, mimi nilizungumza nawe mwenyewe. Mbona ulinambia yakutosha?"

Dada hakuacha kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa, akatoa jingine.

"Ningekwambiaje, Mahir? Huyu hana mama. Kalelewa na mimi. Ningekwambia hakuniuliza, kachukua kubwa akaniletea ndogo, wewe ungesema kafunzwa na nani?" Akasita kuvuta pumzi. "Niliona haya."

Wiki zote hizi nilidhani aibu ni yangu, nimeificha kwenye daftari. Kumbe alikuwa nayo yeye tangu siku ile sebuleni. Alitoka nayo kwangu akikohoa mpaka kona, akaja akapikia nayo hapa uani, akawatungia watu hadithi ya supu ya wagonjwa ili wasijue kalea nini.

Mahir akauliza kama mvua imekatika huko kwetu. Dada akamwambia bado. Wakaagana.

Nilifungua kinywa kumwomba Dada radhi. Akanisukumia sinia magotini, akasema wali wa jioni ni wa watu kumi na watatu, na macho yake hayaoni tena mawe madogo. Nimeuchambua wote, na sikuinua uso mpaka mwisho.